Baba alifundisha watoto kusoma miaka 37, kiharusi kimechukua herufi zote. Kigogo kimerudi, Kiswahili kimegoma. Kwa nini?

#1 Mwana wa Bahi (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Baba yangu ana miaka 71, mwalimu mstaafu. Aliingia kazini 1977, ule mwaka wa UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote), akafundisha darasa la kwanza na la pili huku vijijini Bahi, Dodoma, mpaka alipostaafu 2014. Watu wengi wa kata yetu a-e-i-o-u walifundishwa naye, na mimi nikiwemo.

Miezi mitano iliyopita aliamka mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea, anasema vitu visivyoeleweka. Tukahangaika na gari, tukafika hospitali mjini saa saba mchana. Kipimo cha CT kikaonesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Alilazwa siku kumi na moja. Sasa anatembea kwa fimbo, mkono bado mzito. Kilichobaki kutuumiza ni maneno.

Kiswahili chake kimekatikakatika. Anataka kusema "maji", anatoa "ma... ma... mlango". Anajua kabisa amekosea, anajipiga paja kwa hasira. Lakini Kigogo, lugha yetu ya nyumbani, kinatoka! Si chote, ila sentensi fupi nzima anazisema. Nyimbo za kanisani za Kigogo anaimba beti zote bila kujikwaa. Akimaliza wimbo, mwulize jina la mjukuu wake: kimya.

Kusoma ndiyo kabisa. Gazeti analishika, analitazama, analiweka chini. Namba anazijua, bei ya kitu hadanganyiki. Jina lake analiandika kwa mkono wa kushoto, limepinda lakini ni lenyewe. Ukimrudishia karatasi ile ile baada ya dakika kumi hawezi kulisoma.

Na bao anatufunga wote kama zamani.

Sasa mtu aliyeongea Kiswahili darasani miaka 37, inakuwaje Kiswahili ndicho kikimbie? Na herufi zinarudi au ndiyo basi?

#2 Fundi Nkuhungu
Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, mama mkwe wangu yuko hali hiyo hiyo tangu Pasaka.

#3 Kisima cha Mpwapwa
Mimi nitasema wazi hata kama mtanishambulia. Mtu analala mzima anaamka hasemi, hiyo si presha peke yake. Ametupiwa kitu. Hospitali mwendelee, sikatazi, ila na upande wa pili mwuangalie. Baba yangu mkubwa alikatika ulimi hivyo hivyo, tukampeleka kwa mzee mmoja anayejua miti, wiki ya tatu akaanza kuita watu majina.

#4 Nesi Mstaafu
Pole mwanangu. Wodi ya watu wazima nimekaa miaka mingi, sasa niko Kikuyu hapa Dodoma nafuga kuku, lakini hili nalijua.

Kwanza tutenganishe, maana watu wanaita yote "kukatika ulimi". Kuna mgonjwa ambaye misuli ya mdomo na ulimi imelegea. Anaongea kama mtu aliyetoka kung'olewa jino na ganzi haijaisha. Lugha yake ni nzima, na mkono ukiwa na nguvu, mpe kalamu atakuandikia kila kitu. Kuna mwingine misuli ina nguvu, neno analo kichwani, ila mdomo umesahau njia ya kulitoa. Utaona midomo inapapasa ikitafuta pa kuanzia, neno alilolisema vizuri saa mbili linamkatalia saa tatu. Wa tatu ni yule ambaye lugha yenyewe imeguswa. Hiyo ndiyo wanaiita afasia. Hapo kuongea, kuelewa, kusoma na kuandika vyote vinatikisika, kila kimoja kwa kiasi chake. Na mtu mmoja anaweza kubeba mawili au yote matatu, usishangae. Kwa maelezo yako, baba ana hiyo ya tatu, labda na kipande cha pili.

Kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, upande huo huo unaoendesha mkono wa kulia. Ndiyo maana mkono wa kulia na maneno huondoka pamoja. Nyimbo, sala, kuhesabu moja hadi kumi, siku za wiki, hivyo ni vitu vilivyokaririwa, vinajisukuma vyenyewe, havitungwi upya kila mara. Hata matusi yako kundi hilo. Nilimhudumia mzee mmoja wa kanisa ambaye hakuwahi kutukana maisha yake, neno pekee lililobaki mdomoni likawa tusi. Wanawe walilia. Niliwaambia hakusudii, na kweli hakukusudia, machozi yalikuwa yanamtoka na yeye.

Wa namba 3, imani yako siigombezi. Lakini wiki za kwanza ndizo ubongo unajirudi wenyewe kwa kasi, uvimbe unashuka, maneno yanaanza kuja hata mgonjwa asipopewa kitu. Anayempa dawa wiki ya pili ndiye anayesifiwa. Ninachokiogopa ni kuchelewa. Ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatakiwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na mtu akiamka nayo asubuhi hakuna anayejua ilianza saa ngapi. Ukiona uso umeshuka, mkono haunyanyuki, maneno yamekoroga, ni gari moja kwa moja hospitali.

Na muhimu kuliko yote: akili yake ipo. Bao si limewaambia?

#5 Kisima cha Mpwapwa
Mama nimekuelewa na shikamoo. Ila nijibu hili: kaka yake baba mkubwa naye alipatwa, hakupelekwa kwa yule mzee, na mpaka anakufa hakusema neno. Unaliwekaje?

#6 Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Kiharusi hakilingani. Mmoja kimegusa pembeni, mwingine kimekula katikati. Bila kuona picha za vichwa vyao wote wawili siwezi kukujibu, na wewe pia huwezi.

#7 Zabibu Kavu
Mleta uzi, mama yangu ni fundi cherehani, tuko Kizota, huu ni mwaka wa pili. Sisi kilichotutesa ni "ndiyo" na "hapana". Alikuwa anazibadilisha. Unamwuliza, "Mama, chai niweke sukari?" Anasema "ndiyo". Unaweka. Anasukuma kikombe. Tukamwona amekuwa mkorofi, dada yangu akafika kumfokea. Kumbe alikuwa anataka kusema hapana na mdomo unatoa ndiyo. Tulikuja kugundua kwa sababu kichwa kilikuwa kinatikisika hapana huku mdomo unasema ndiyo.

Tukakubaliana dole gumba juu, dole gumba chini. Ugomvi nusu nzima ukaisha nyumbani.

Mengine tuliyojifunza kwa maumivu: msimpigie kelele, masikio hayana shida. Zimeni redio na TV mnapoongea naye. Mtu mmoja aongee, si wajomba sita kwa pamoja wanaotoka Manyoni kumsalimia. Usimwulize "unataka kula nini?", mwoneshe vitu viwili aguse kimoja. Na jamani msimalizie sentensi yake haraka haraka. Hesabu kimya kimya mpaka kumi kwanza. Mimi bado nashindwa, nafika sita nimeshasema.

#8 Mwalimu wa Kidato
Pole mwalimu mwenzetu. Swali la lugha ipi inarudi kwanza ni la zamani kuliko sisi wote na wakubwa wamelibishania.

Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kilichoingia kichwani mwanzo ndicho kinachodumu, kwa hiyo lugha ya utotoni itastahimili. Kwa hesabu hiyo Kigogo cha baba kinaeleweka: amenyonya nacho. Mwaka 1895 Mfaransa mwenzake, Albert Pitres, akasema hapana, inayotangulia kurudi ni ile mtu aliyoizoea zaidi, aliyokuwa akiitumia karibu na siku alipougua. Kwa Pitres, Kiswahili cha darasani ndicho kingerudi kwanza.

Ukimchukua baba wa Bahi peke yake, Ribot ameshinda. Mimi naungana na Ribot.

Na hilo la upande wa kushoto alilosema mama Nesi, lilianza kujulikana mwaka 1861 kwa Paul Broca pale Paris. Alikuwa na mgonjwa aliyepata kiharusi akabaki na silabi moja tu, "tan". Ukimwuliza chochote, "tan, tan". Alipofariki, Broca akakuta jeraha upande wa kushoto mbele.

#9 Daktari Mwanafunzi UDOM
Sahihisho dogo kwa #8. Yule "Tan" hakuwa mgonjwa wa kiharusi cha ghafla kama cha mzee wetu. Alikuwa na kifafa tangu ujana, na alikaa hospitali miaka 21 huku hali ikizidi kuharibika polepole. Mengine uliyosema kuhusu Broca yako sawa.

Kinachofanana na mzee wetu kwenye kusoma ni mgonjwa wa Jules Dejerine, 1892, Paris hiyo hiyo. Mfanyabiashara, ghafla akajikuta hawezi kusoma. Anaandika vizuri, lakini alichoandika mwenyewe hakisomi. Na namba alikuwa anazisoma. Dejerine alieleza kwamba macho yanaona herufi, ila njia ya kuzifikisha penye lugha imekatika. Tofauti ni kwamba yule wa Paris kuongea alikuwa anaongea, mzee wetu ana zaidi ya hapo. Siwezi kusema ni kitu kimoja.

#10 Mrangi wa Kolo
Assalaam alaykum wakuu. Mimi niko Kondoa. Baba mdogo ni mwalimu wa madrasa, alipata kiharusi mwaka juzi. Al-Fatiha anaisoma kwa tajwidi yote, hakosi. Tukafurahi tukasema kusoma kumerudi. Siku moja nikafungua msahafu sehemu nyingine nikamwekea kidole katikati ya ukurasa nikamwambia soma hapa. Akaanza Al-Fatiha. Kumbe hasomi, anatoa ya moyoni.

Tukagundua na kingine. Ukimwekea sahani, anakula upande wa kushoto, ya kulia inabaki, halafu anasema hajashiba. Ukizungusha sahani anamalizia. Sasa Kiarabu kinaanzia kulia, ndiko asikoona! Mistari yote mwanzo haupo. Kiswahili alikuwa anapata mwanzo wa neno, mwisho anabuni. Mleta uzi jaribu hiyo ya sahani kwa mzee.

#11 Nesi Mstaafu
Umenena vizuri, Mrangi. Macho yake ni mazima, miwani haitasaidia. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayopokea picha ya upande wa kulia. Kwa maandishi ya Kiswahili mwekee rula au mstari mwekundu mwisho wa mstari upande wa kulia, mfundishe asirudi mpaka ameugusa huo wekundu. Kwa msahafu mstari ni huko huko kulia, ila anauanzia.

#12 Mtani wa Singida
Mwalimu wa Kidato katuletea Wafaransa watatu kabla ya kumwuliza mgonjwa kama amekula. Mleta uzi, mzee anameza vizuri? Mlenda anaupata? Mgogo akikosa mlenda hata maneno hayana sababu ya kurudi.

#13 Mwana wa Bahi
Asanteni sana wote, nasoma kila neno. Mtani, anakula, mlenda kila siku, wiki mbili za mwanzo tu ndiyo alikuwa anapaliwa. Sahani nimeijaribu jana, Mrangi: anakula pote. Kwa hiyo hilo tumeliondoa.

Niwape kisa cha hospitali. Siku ya tatu anaita, "Malenga! Malenga!" Nesi wa zamu alikuwa binti wa Tanga, mpole kweli, akaniambia, "Kaka, mzee wako anataka mashairi, alikuwa malenga?" Nikacheka huku nalia. Kwa Kigogo malenga ni maji. Mzee alikuwa na kiu, na dada wa watu alikuwa anataka kumtafutia mashairi kwenye simu. Tangu siku hiyo tuliandika karatasi ukutani maneno ya Kigogo kumi na maana yake. Wenye wagonjwa wanaoongea lugha za nyumbani, fanyeni hivyo siku ya kwanza.

#14 Kisima cha Mpwapwa
Malenga ndiyo hiyo hiyo ya Marenga Mkali. Wazungu wa misafara karne ya 19 wanataja pori kati ya Mpwapwa na Ugogo kwa jina hilo, kwamba wapagazi walikuwa wanaliogopa kwa ukame. Maji makali, maji machungu.

#15 Fundi Nkuhungu
Uzi umeingia porini sasa. Turudi kwa mgonjwa. Naomba kuuliza, ikitokea tena si tumpe aspirini haraka nyumbani kabla ya gari? Nimesoma mahali.

#16 Daktari Mwanafunzi UDOM
USIMPE. Aspirini ni ya aliyeziba mshipa, na nyumbani hujui kama umeziba au umepasuka. Ukimpa aliyepasuka mshipa unamwongezea kuvuja damu. CT kwanza. Na usimpe maji wala uji mpaka waangalie kama anameza, vinaweza kuingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu kama anatapika, kumbuka saa dalili zilipoanza, nenda.

#17 Boda wa Area C
Mimi mgonjwa. Naandika menyewe. Maneno haya saa moja na nusu.

Nina miaka 38. Presha sikujua ninayo. Nilianguka kijiweni.

Watu wanasema hajui. Ninajua. Neno naliona kama mtu ngambo ya barabara. Namwona. Gari zinapita. Sivuki.

Nikitaka funguo nasema kijiko. Nasikia kijiko. Najua si kijiko. Tena nasema kijiko.

Msicheke. Au mcheke na mimi si mbele yangu.

Rafiki waliacha kuja. Kimya kinawatisha. Mmoja anakuja kila Jumapili. Haongei sana. Tunaosha pikipiki.

Mke wangu atamalizia.

#18 Boda wa Area C
Ni mke wake hapa. Hapo juu sijagusa hata herufi, alikataa nisirekebishe. Mwaka na miezi minne sasa. Naongeza kitu kimoja kwa mwalimu wa Wafaransa. Mume wangu ni Mnyaturu wa Singida vijijini, Kiswahili kakijulia shule. Kilichorudi ni Kiswahili. Kinyaturu mpaka leo anaelewa mama yake akiongea, kujibu hawezi, anajibu Kiswahili, na mama mkwe anaona mwanawe amemkataa. Kwa hiyo huyo Ribot wako kwetu hajafika.

#19 Zabibu Kavu
Kaka Boda, nimesoma mara tatu. "Gari zinapita. Sivuki." Nimemsomea mama, ameshika mkono wangu akanyanyua dole gumba juu.

#20 Mwalimu wa Kidato
Shem, nimekubali. Hapo ni Pitres: kijiweni Area C ni Kiswahili kutwa nzima, ndicho alichokizoea. Ila basi Pitres huyo huyo anashindwa Bahi. Na nimtaje mmoja kwa ajili ya kaka Boda: Tomas Tranströmer, mshairi wa Uswidi, kiharusi cha 1990 kilimwondolea sehemu kubwa ya usemi na nguvu za upande wa kulia. Aliendelea kuchapisha mashairi mafupi, akawa anapiga piano kwa mkono wa kushoto, na mwaka 2011 akapewa Nobeli ya Fasihi. Maneno machache si maneno madogo, na wewe umetuonesha hapa.

#21 Mama Tunu
Mnahangaika na wazungu, mimi nauliza swali la nyumbani. Mleta uzi, tangu mzee atoke hospitali, nani anakaa naye kutwa? Anaongea naye lugha gani?

#22 Mwana wa Bahi
Mama. Na ni Kigogo tupu. Mimi niko mjini, narudi Ijumaa.

#23 Mama Tunu
Basi ndiyo hiyo. Kigogo kinapata mazoezi kutwa nzima kila siku, Kiswahili kinasubiri Ijumaa. Na kaka Boda wa Area C, mkewe anaongea naye Kiswahili. Hakuna cha utotoni wala cha mazoea ya zamani, ni kinachomwagiliwa sasa.

#24 Mwana wa Bahi
Mama Tunu umenifungua, lakini si yote. Siku ya tatu hospitalini, kabla mama hajafika (alikuja siku ya sita), tayari alikuwa anaita malenga. Nesi anaongea Kiswahili, madaktari Kiswahili, mimi Kiswahili. Hiyo Kigogo ilimwagiliwa na nani?

#25 Mtani wa Singida
Kiu, ndugu yangu. Kiu haina Kiswahili. Hata mimi nikijigonga kidole na nyundo siliiti jina la kitaifa.

#26 Nesi Mstaafu
Mtani umesema kitu ambacho nimekiona wodini. Maumivu, hofu, njaa, hutoka kwa lugha ya mama. Ila nimeona na Wahehe wakilia kwa Kiswahili. Sijui kama kuna sheria hapo.

#27 Mjomba Ilazo
Niwatoe kidogo. Jambo linalosahaulika ni saini. Kaka yangu alibadilika saini kwa sababu anaandika kwa kushoto. Benki moja ikamkatalia pesa yake mwenyewe, "saini hailingani". Akashindwa kujieleza, wakamwona kama amelewa. Tumezunguka miezi miwili mpaka wakakubali dole gumba na barua ya daktari. Na namba ya siri ya simu ilipotea kichwani, akaikosea mpaka laini ya pesa ikafungwa.

Mleta uzi, pensheni ya mzee inaingia wapi? Nenda naye mapema, akiwa anaelewa mnachofanya, mbadilishe saini iwe ya sasa. Na mkitaka mtoto asimamie, wakili awaandikie hati ya mamlaka, mzee asomewe taratibu kwa lugha anayoielewa, akubali mwenyewe. Msije mkafanya kimyakimya "kwa sababu haongei". Nimeona familia zimegombania shamba la zabibu huko Hombolo mzee anatazama na hana neno la kuwazuia.

#28 Fundi Nkuhungu
Hili la saini limenishtua. Kesho nampeleka mama mkwe. Mimi niliambiwa lakini baada ya miezi sita hakuna kinachorudi tena, ni kweli?

#29 Daktari Mwanafunzi UDOM
Si kweli. Kasi kubwa ni miezi mitatu ya mwanzo, baada ya hapo inapungua. Kupungua si kusimama. Watu huongeza maneno miaka baadaye wakiendelea na mazoezi. Shida yetu ni wataalamu wa tiba ya usemi, nchini ni wachache sana, wagonjwa wengi wanaishia kwa mtaalamu wa viungo tu. Kwa hiyo mazoezi mengi yatafanyika nyumbani, mafupi, mara kadhaa kwa siku, akichoka mnaacha. Na akiwa amenyamaza, halali, hataki kula, hata wimbo hataki, hiyo si afasia tena, huenda ni sonona. Ni ya kawaida baada ya kiharusi na inatibika, mwambieni daktari.

#30 Boda wa Area C
Kweli. Mwezi wa 9 tangu nianguke nilisema jina la mwanangu. Mwezi wa 9!

#31 Nesi Mstaafu
Hongera mwanangu.

Kuhusu kuimba, kuna njia ya kuutumia wimbo. Unachukua neno analolihitaji, "nataka maji", unalipa sauti ya kupanda na kushuka, mnaimba pamoja taratibu huku unamgonga mkono wa kushoto kwa kila silabi. Na-ta-ka ma-ji. Siku zinavyokwenda unapunguza wewe kuimba, unampunguzia na wimbo, mpaka linabaki neno. Boston walianza kuwafundisha wagonjwa hivyo miaka ya 1970. Kwetu mikono haijawahi kukosa cha kugonga, akina mama wa Kigogo wenye ngoma ya muheme wanaweza kuwafundisha wa Boston.

#32 Zabibu Kavu
Kwa upande wa herufi, kuna mwandishi wa Kanada, Howard Engel, 2001 aliamka akaona gazeti lake limeandikwa herufi za kigeni. Kuandika anaweza, kusoma hawezi, kama wa Dejerine. Akajifundisha kuchora umbo la kila herufi kwa ulimi ndani ya mdomo, ulimi ukaingia mahali pa jicho. Polepole, lakini akaandika tena riwaya. Sisi mama tunamchorea herufi kiganjani amefumba macho. M na S anazipata, zenye vitumbo b na d zinamchanganya.

Mleta uzi, mzee alikuwa anawafundishaje darasa la kwanza?

#33 Mwana wa Bahi
Zabibu, swali hili limenikalisha kitako.

Mchangani. Madaftari yalikuwa hayatoshi, tulikuwa tunatoka nje chini ya mbuyu, kila mtoto anafuta mchanga wake kwa kiganja, anaandika kwa kidole. Anapita nyuma yetu, akiona umekosea anakushika kidole anakuongoza. Silabi moja moja. Ba be bi bo bu.

Narudi Bahi kesho.

#34 Mtani wa Singida
Tunasubiri ripoti. Usituletee picha ya kondoo, lete ya mchanga.

#35 Mwana wa Bahi
Wakuu, siku tisa zimepita, samahani kwa kimya.

Tumemwekea mchanga kwenye sinia. Siku ya kwanza alikataa, alinitazama kama nimemdharau. Siku ya pili mwanangu wa darasa la pili akakaa akaanza kuandika yeye, akakosea "nyumba", akaandika "numba". Baba akanyoosha mkono wa kushoto, akamshika kidole, akarudisha hiyo "y" mahali pake. Hakusema kitu. Mama alitoka nje.

Tangu hapo wanakaa kila jioni. Akipitisha kidole kwenye herufi anaitaja, mara nyingi. Kwa macho tu bado inakataa. Silabi mbili anaunga, tatu anachoka.

Lakini jana kuna jambo sijalielewa na ndilo limenirudisha. Nimeleta kiroba cha unga kutoka Majengo, kimeandikwa DONA kwa herufi kubwa. Amekitazama kwa mbali, bila kugusa, akasema wazi kabisa, kwa Kiswahili: "Sembe." Nikamwambia baba soma tena. "Sembe." Herufi hazifanani hata moja! Amelijuaje ni la unga kama hasomi? Na kama anasoma, kwa nini si dona?

#36 Mwalimu wa Kidato
Ameona kiroba, akabuni. Kiroba kinafanana na kiroba.

#37 Daktari Mwanafunzi UDOM
Inawezekana, ila kuna wagonjwa ambao neno linafika kwenye maana kabla ya kufika kwenye sauti. Wanasoma "kikombe" wanasema "glasi". Yaani maana imepita, sauti imekwama, wanashika jirani yake.

#38 Mama Tunu
Au alimsikia mama akisema sembe asubuhi.

#39 Kisima cha Mpwapwa
Au Kiswahili kimeanza kurudi na nyinyi mnakitilia shaka.

#40 Boda wa Area C
Andika dona kwa karatasi. Hakuna kiroba. Na neno jingine la chakula na la shamba. Mpe asome. Leta jibu.

#41 Mwana wa Bahi
Sawa kaka. Ijumaa.